Neno Refu ni la Nani?

Hapa Mobeni, kusini mwa Durban, katikati ya viwanda na maghala, wapo vijana wetu ambao Jumapili hutandika ubao wa Scrabble na kuwinda maneno marefu ya Kiingereza. Mmoja alipanga "qasidas", herufi zake zote saba kwa mkupuo, akapata pointi 50 za ziada. Alilikariri kwa sababu lina q bila u. Hakujua kwamba ni kaswida ile ile aliyoiimba madrasa. Mzee mmoja akamwita kasuku, na mjadala ukaanza: je, neno usilojua maana yake ni lako?

Mimi nilimtetea kijana. Jina la Mobeni tunalitaja kila siku ndani ya teksi, na wangapi wetu wanajua kwamba limetokana na "umoba" wa Kizulu, yaani muwa? Mahali penye miwa, sawa na Miwani ya kule Kenya. Maana inaweza kuchelewa, isiwe dhambi.

Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, naye hawezi kuzungumza Kifaransa. Alikariri maneno tu. Mwaka huo huo Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza huko Perth, Australia. Sioni udanganyifu hapo. Mchezoni hakuna anayeulizwa maana, na wote walioketi wanalijua hilo. Herufi ni kama kete za bao. Tena safari, uhuru, ugali na matatu yanakubaliwa ubaoni kuwa Kiingereza, sisi hatukuombwa ruhusa. (Nasi ya kwao tumeyachukua vivyo hivyo, kwa hiyo hatudaiani.)

Udanganyifu upo mikutanoni kwetu. Tunajadili mchango wa kusafirisha maiti, mama mmoja ana hoja safi kwa Kiswahili chake, mara anasimama bwana na neno la Kiingereza lenye silabi sita. Mama ananyamaza. Neno halikuthibitisha lolote, limetisha tu, na pengine msemaji halijui kuliko yule kijana alivyoijua kaswida. Lakini yeye anajifanya analijua, nasi tunamkabidhi fedha za wafiwa.

Ajabu ni kwamba nchi hii ilikwisha kutumia herufi kama rungu. Sheria ya uhamiaji ya Natal ya mwaka 1897 ilimtaka mgeni aweze kuandika ombi lake kwa herufi za lugha ya Ulaya. Rangi haikutajwa popote, ingawa shabaha ilikuwa hasa kuwazuia Wahindi. Mwanachuoni wa Lamu aliyetunga tenzi kwa herufi za Kiarabu angehesabiwa hajui kuandika. Australia iliiga mwaka 1901, ikaweka imla ya maneno 50, na ofisa ndiye aliyechagua lugha. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, aliyejua lugha kadhaa, alipewa imla kwa Kigaeli cha Scotland.

Ofisa yule naye hakujali maana. Alitaka mtu ashindwe.

Siku hizi likija neno refu mkutanoni huinua mkono nikaomba lisemwe kwa Kiswahili. Mara mbili msemaji alikaa chini. Mara ya tatu alieleza vizuri kabisa, na hoja yake tukaipitisha.