Muhogo Ulioona Kiangazi

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, nikafika kwa mama mmoja pembezoni mwa Newala, upande wa Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likaonekana chini kwa mbali. Alikuwa ameng'oa shina la muhogo. Akamenya kipande, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Huu hautafuniki, Baba Padri. Mwaka jana shamba hili hili watoto walikuwa wanautafuna mbichi. Jua limeutia uchungu."

Wataalamu wa mimea wanakubaliana naye. Udongo ukikauka, mizizi hupeleka habari majanini, na vile vitundu vidogo mno ambavyo jani hupumulia hufungwa, ili maji kidogo yaliyobaki yasipotee. Muhogo huwahi kuvifunga kuliko mazao mengi. Lakini ni katika vitundu hivyo hivyo ndimo hupita hewa ambayo mmea hutengenezea chakula chake. Basi muhogo ukikimbia kiu, unajitia njaa. Hupukutisha majani ya chini, hubaki na kishungi kidogo juu, huacha kurefuka, huishi kwa wanga uliojiwekea. Na katika shida hiyo, vile viini vinavyotoa sumu ya sianidi huongezeka mizizini.

Je, hujamwona mtu wa namna hiyo? Nyumba yake ilikuwa wazi kwa kila mpita njia, leo hodi haiitikiwi. Salamu imekuwa fupi, neno lake linachoma. Tunasema amekuwa na roho mbaya. Huenda amejifunga ili kidogo alichobakiza kisimtoke, na kwa kujifunga huko anakosa hata upendo ambao ungemlisha.

Katika Biblia, Naomi alihamishwa kutoka Bethlehemu na njaa. Akarudi mjane, amezika wanawe wawili, akawaambia wanawake wa mji wamwite Mara, yaani mwenye uchungu. Nampenda Ruthu kwa sababu hakumkemea mkwewe. Alitoka kwenda kuokota masuke ya shayiri, na jioni akarudi na chakula.

Wala sisemi kwamba uchungu haudhuru. Mwaka 1988, wilayani Masasi, chakula kilipopungua, watu walisindika muhogo mchungu kwa haraka: wakatwanga, wakaanika kidogo, wakatwanga tena, wakasonga ugali. Wakaugua, kwa kuwa sumu haikupata muda wa kutoka. Nimeona hata msamaha ukisindikwa hivyo. Wazee wanakutana asubuhi, saa sita watu wameshikana mikono, na aliyeumizwa hajapewa nafasi ya kusema lililomsibu. Tunashangaa nini ugomvi unaporudi kabla ya mavuno?

Yule mama hakuwa na haraka. Aliupasua muhogo wake, akautandaza juani uwe makopa, kwa sababu huku juu maji ya kulowekea ni ya shida. Nikamuuliza atangoja siku ngapi. "Mpaka yakivunjwa yalie," akajibu, akaendelea kuyageuza moja moja kwa vidole.

Na kama mwenye uchungu ni wewe mwenyewe, mpendwa? Usijichukie. Muhogo uliopukutika majani hivyo haujafa. Mvua ikirudi, huchipua majani mapya kwa akiba ile ile iliyokuwa imefichwa chini wakati wa jua kali. Mungu anaijua akiba yako, hata kama wewe umeshaisahau.

Lakini kama umemkumbuka mtu fulani ulipokuwa unasoma, nenda wiki hii ukampigie hodi. Asipoitika, rudi tena Jumapili baada ya ibada. Akikukaribisha, usimwulize kwa nini amebadilika. Muulize kama amekula.