TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: NABII MUSA ALIOGOPA, LAKINI ALIKWENDA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Waumini wenzangu wa Mpanda na Katavi yote,

Alhamdulillah, kumi la kwanza limeshaondoka na tumo ndani ya kumi la maghufira. Allah azikubali swaumu zetu, na wale ambao maradhi yamewazuia kufunga awape ujira wa nia zao.

Leo nazungumzia jambo ambalo kwenye mimbari huwa tunalipita kimya kimya. Juzi baada ya tarawehe mzee wetu mmoja alinisubiri mpaka watu wakaisha msikitini. Ameniruhusu niliseme bila kumtaja. Umri wake umepita miaka 60. Usiku anaamka kwenda haja ndogo mara nne, mara tano, na mkojo unatoka kwa kukatika katika. Daktari alimwambia arudi akapimwe tezi dume. Karatasi ya kurudi anayo mfukoni, wiki ya tatu sasa.

Akaniambia, "Shehe, nimeamua nisubiri Ramadhani iishe, maana nimefunga."

Nikamuuliza, "Mzee wangu, na kabla ya mwezi kuandama ulikuwa unasubiri nini?"

Akacheka kidogo, kisha akasema ukweli wake: "Naogopa, shehe. Naogopa kile kipimo, na naogopa zaidi watakachoniambia."

Ndugu zangu, mzee huyu hayuko peke yake. Wapo wengi humu humu kwenye kundi letu, wanaume kwa wanawake, wenye karatasi kama hiyo mfukoni au kwenye pochi. Ndiyo maana naandika.

*Hofu siyo upungufu wa imani*

Wengine wanaona haya kuogopa. Mtu anajiambia, mimi ni muumini, naswali, nafunga, mbona moyo unadunda kwa ajili ya kipimo? Basi anaificha hofu, na akishaificha anaanza kuitafutia visingizio.

Tumtazame Nabii Musa (a.s.). Qur'ani haikutuficha hofu yake. Fimbo ilipogeuka nyoka, Suratul Qasas inatueleza kuwa aligeuka akakimbia bila kutazama nyuma, mpaka akaitwa arudi na akaambiwa yuko katika amani. Alipotumwa kwa Firauni, katika Suratu Taha, yeye na nduguye Harun walimwambia Mola wao waziwazi kwamba wanaogopa. Na wachawi walipotupa kamba zao, sura hiyo hiyo inasema aliingiwa na hofu nafsini mwake. Huyu ni mmoja wa Ulul Azmi, Mitume wenye subira kubwa kuliko wote!

Sasa angalieni alifanya nini na hofu ile. Kwanza, aliisema kwa Mola wake, hakujifanya jasiri. Pili, aliomba kifua chake kikunjuliwe na jambo lake lifanywe jepesi. Tatu, aliomba msaidizi, ndugu yake Harun, wawe wawili. Nne, akaenda. Hofu ilikuwa bado ipo, naye akaenda nayo. Na jibu la Allah lilikuwa kwamba Yeye yuko pamoja nao, anasikia na anaona.

Hili ndilo ninalotaka mlibebe leo: usisubiri hofu iishe ndipo uende. Nenda nayo. Hofu haikuandikii dhambi. Linaloangaliwa ni miguu yako inaelekea wapi.

*Unaogopa nini hasa?*

Hofu ikiwa haina jina inakuwa kubwa kuliko ilivyo. Tuitaje.

Kuna hofu ya *maumivu*. Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, na kwa nyuma imepakana na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo daktari akitaka kujua kama imevimba au ina sehemu ngumu, anavaa glovu, anapaka jeli ya kulainisha, anaigusa kwa kidole kupitia njia hiyo. Mara nyingi unalala kwa ubavu huku umekunja magoti. Ni jambo la chini ya dakika moja. Unahisi kukerwa na kubanwa, pengine kama unataka kukojoa, lakini kwa kawaida siyo maumivu makali. Ukikaza mwili unajiongezea taabu, ukivuta pumzi taratibu inapita upesi. Na ukiumia, mwambie daktari asimame. Hiyo ni haki yako.

Tena kipo kipimo cha damu, kinaitwa PSA. Watu wengi wanaanzia hapo, na mwingine daktari ataona kinatosha kwa kuanzia. Mwingine atahitaji vyote viwili. Kabla ya kutoa damu hiyo, wataalamu hushauri kwa siku mbili uache kuendesha baiskeli na uache tendo la ndoa, maana vinaweza kupandisha majibu. Ninyi wa baiskeli kutoka Kakese na Misunkumilo, mmesikia.

Kuna hofu ya *aibu*. Hapa nazungumza kama mwalimu wenu wa dini. Ni kweli, kuhifadhi uchi ni wajibu. Lakini wanavyuoni wetu wameruhusu kuufunua mbele ya tabibu kwa kiasi cha haja. Mwanaume atafute daktari mwanaume kwanza, mwanamke atafute daktari mwanamke kwanza. Akikosekana, sheria haikuachi ufe kwa ajili ya haya. Wakati wa Mtume (s.a.w.), Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) na wanawake wenzake walitoka kwenye vita kuwanywesha maji na kuwatibu majeruhi, na majeruhi wenyewe walikuwa wanaume. Mtume hakuwakataza. Wahenga nao walishasema, mficha uchi hazai. Na wakasema tena, mficha maradhi kifo humuumbua.

Uanaume wako hauondoki kwa kipimo. Uliingia baba wa watoto wako, unatoka baba wa watoto wako.

Halafu kuna hofu ya *majibu*, na hii ndiyo mama wa hofu zote. Mtu anaona heri asijue. Ndugu yangu, kipimo hakileti ugonjwa. Ukiwasha taa ukakuta nyoka chumbani, taa haikumleta, alikuwepo unalala naye.

Na si kila anayesumbuliwa na mkojo ana saratani. Kwa wazee wengi tezi huvimba tu kwa umri, na uvimbe huo una dawa na una upasuaji wake. Hata PSA ikipanda, yaweza kuwa ni uvimbe wa kawaida au maambukizi, na ndiyo maana wanaendelea kuchunguza kabla ya kusema neno. Ikiwa ni saratani kweli, aliyekuja mapema na aliyekuja mifupa imeshaanza kuuma hawako sawa. Nelson Mandela aligundulika na saratani hii mwaka 2001, akiwa na miaka 83. Akatibiwa kwa mionzi, akaishi mpaka Desemba 2013, akafariki akiwa na miaka 95. Askofu Desmond Tutu aligundulika mwaka 1997, akaishi mpaka 2021. Umri uko mikononi mwa Allah, na tiba ni miongoni mwa sababu alizotuwekea.

*"Mimi nimemwachia Mungu"*

Neno hili tunalisema sana, na ni zuri likiwa mahali pake. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kuwa kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Akampa mfano wa mchunga ngamia: akiwapeleka bonde lenye majani ni kadari, na akiwapeleka bonde kavu ni kadari pia. Kwa hiyo kubaki nyumbani na maradhi ni kadari, na kwenda hospitali ni kadari vilevile. Wewe mfugaji ungewapeleka ng'ombe wako bonde gani?

Na Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

*Na swaumu je?*

Nirudi kwenye kisingizio cha Ramadhani. Kutoa damu kwa ajili ya kipimo hakufunguzi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliumikwa naye amefunga, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokaa Jeddah mwaka 1997 lilitaja utoaji wa damu ya vipimo miongoni mwa mambo yasiyobatilisha swaumu. Basi PSA unaweza kupima kesho asubuhi na swaumu yako ikabaki salama.

Kipimo cha kidole, kwa madhehebu yetu ya Shafi, kinafunguza, kwa kuwa kuna kitu kimeingia ndani. Kama daktari anasema hakuna haraka, omba tarehe ya baada ya Idd, na iandikwe kwenye karatasi kabisa, siyo kichwani. Akisema usichelewe, nenda. Siku hiyo utailipa baadaye. Allah katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, amemwondolea uzito mgonjwa na msafiri, na akasema anatutakia wepesi. Anayetoka Karema kuja Mpanda, zaidi ya kilomita 100, naye ana ruhusa ya msafiri akiondoka kabla ya Alfajiri.

Na aliyezuiwa mkojo kabisa, au anayeona damu kwenye mkojo, asinisubiri mimi wala fatwa. Aende leo leo.

*Kwa mama zetu na dada zetu*

Nanyi mna kipimo chenu mnachokikimbia, cha shingo ya kizazi. Mtaalamu anapaka siki maalumu na kuangalia kama kuna sehemu imebadilika rangi. Ni dakika chache. Saratani hii inachukua miaka mingi kukomaa, na mabadiliko yakionekana mapema yanatibika kabla hayajawa saratani. Kama huna dalili yoyote, panga baada ya Idd, na omba upimwe na mwanamke. Mwenye kutokwa na damu isiyo ya kawaida asingoje. Na ninyi waume, msiwakatalie wake zenu kwa wivu usio na faida.

*Mambo ya kufanya kuanzia leo*

1. Itaje hofu yako kwa Allah. Muda kabla ya kufuturu dua ya mfungaji haina kizuizi. Kabla hujashika tende, sema ninaogopa jambo fulani, kwa jina lake.

2. Tafuta Harun wako. Mke, kaka, mtoto mkubwa, rafiki wa msikitini. Asiye na mtu aniambie, nitakwenda naye mimi na kumsubiri kwenye benchi.

3. Mwambie daktari kabla hajaanza: naogopa, nieleze hatua kwa hatua. Andika maswali yako, maana hofu inasahaulisha.

4. Ukiwa kitandani, vuta pumzi taratibu na ulimi uwe kwenye dhikri.

5. Mwenye miaka 50 na kuendelea azungumze na daktari hata kama hana dalili, maana mwanzoni saratani hii huwa kimya. Aliye na baba au kaka aliyewahi kuugua asifike 50, aanze kwenye 40 hadi 45. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, wakiona haja watakuandikia kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

6. Vijana wa vijiwe vya kahawa, hili ni lenu. Ule utani wa kidole mnaotaniana kila siku, jamani, upunguzeni. Suratul Hujurat imetukataza kudharauliana. Ninyi mnacheka, na pembeni yenu amekaa mtu mzima mwenye karatasi mfukoni. Anacheka pamoja nanyi ili asijulikane, kisha anarudi nyumbani na kuamua haendi. Je, mko tayari kuulizwa juu ya huyo?

Ewe Mola wetu, uliyesikia hofu ya Musa na Harun, sikia na hofu zetu. Wanaosubiri vipimo wape utulivu, wanaosubiri majibu wape subira, waliopata majibu mazito wape tiba na watu wa kuwashika mkono. Waganga na wauguzi wetu wape huruma na ustadi. Usitufanye tukafa kwa haya ya watu ilhali mlango wa dawa umeuacha wazi. Amin.

Mtumie baba yako, mjomba wako, babu yako. Kama hana simu ya kusomea, msomee.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.