ALIYENYAMAZA SI LAZIMA AWE AMEKUFA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ammaa baad.

Ndugu Waislamu wa Kinsevere, nawausia nyinyi na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Tarehe 15 Novemba 1974, huko Marekani, ilirushwa angani setilaiti ndogo iitwayo AMSAT-OSCAR 7. Uzito wake ni kama kilo 29. Wapenda redio waliitengeneza ili wasemezane nchi kwa nchi. Mwaka 1981 batri zake zilipiga shoti, zikawa zinameza umeme wote. Ikanyamaza, na watu wakaihesabu maiti.

Miaka 21 ikapita. Tarehe 21 Juni 2002, Pat Gowen wa Uingereza akaisikia tena redioni! Hakuna fundi aliyepanda kuitengeneza. Wala msiseme ni uchawi. Ile shoti ilikatika, na umeme wa vibao vya jua ukapata njia ya kwenda moja kwa moja kwenye mtambo. Mwenye kibao cha sola juu ya bati lake anafahamu maneno haya.

Lakini tangu hapo ikawa haina akiba. Ikiwa juani inasema. Ikiingia kwenye kivuli cha dunia inanyamaza. Ikitoka inaanza tena.

Ndugu zangu, moyo nao ni hivyo. Dhambi hupiga shoti ndani, ikameza kila nuru inayoingia. Katika Sura Al-Hadid, aya ya 16 na 17, Mola anatutaka mioyo yetu inyenyekee, kisha anatukumbusha kuwa Yeye huihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Ikate hiyo shoti kwa toba. Na usitegemee ibada ya Ramadhani iliyopita. Rudi kwenye nuru mara tano kila siku.

Sasa tuwatazame waliopotea kwetu. Yuko kijana aliyekwenda machimboni, mwaka wa tatu hajaleta salamu. Yuko ndugu aliyeacha safu zetu kwa sababu ya pombe, au deni, au aibu. Tumekwisha kumzika angali hai. Jina lake halitajwi hata katika dua.

Setilaiti ya IMAGE, ya shirika la NASA, ilinyamaza Desemba 2005. Waliitafuta, wakakata tamaa, wakafunga kazi. Januari 2018 Scott Tilley, mpenda redio wa Kanada, akaisikia alipokuwa akitafuta nyingine. Ndani ya mwaka huohuo ikapotea tena.

Basi fahamuni: sauti ya aliyenyamaza huja dhaifu, na haingoji. Huenda ikawa ni bipu moja ya simu usiku, au mtu kusimama nje ya msikiti asithubutu kuingia. Usimuulize kwanza alikuwa wapi. Mpigie. Mfungulie. Mpe maji ya udhu. Mambo ya deni yatazungumzwa baadaye.

Na wewe uliyenyamaza, ukaletewa karatasi hii nyumbani: Sura Az-Zumar, aya ya 53, inawakataza waliojidhulumu wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Nafasi yako safuni ipo.

Ewe Mola, tuhuishie mioyo yetu, uturudishie waliopotea, wala usitufanye viziwi siku watakapoita. Amin.