Usipime Tairi kwa Bei ya Gari

Mpwa wangu, hongera kwa gari. Corolla ya 2006 si ya kuonea haya. Hapa Minneapolis zimejaa, na wengi wanaoziendesha ni watu wenye akili zao wasiotaka deni la benki. Chumvi ya barabarani imeshakula kingo za milango, lakini injini inaitika. Lililonifanya nikuandikie ni neno ulilomwambia mkazamjomba wako, kwamba gari la dola 2,500 halistahili matairi ya dola 500.

Hesabu hiyo naisikia kwa vijana wengi wanaobeba maboksi huku, na kasoro yake ni moja: inapima tairi kwa bei ya gari. Tairi haliulizi gari lilinunuliwa kwa kiasi gani. Kazi yake ni kubeba uzito, kushika barabara na kusimama unapokanyaga breki. Gari lako na gari jipya la jirani, yakiwa mteremkoni mbele ya taa nyekundu, yote yameshikwa na sehemu nne tu za mpira, kila moja haizidi sana kiganja chako. Bana matumizi kwenye redio, bana kwenye rangi, na hata kwenye tairi unaweza kubana, mradi ujue pa kubania.

Kwanza, usingoje theluji. Wenyeji wa hapa bado wanaizungumza dhoruba iliyoanza Oktoba 31, 1991, siku ya Halloween, ikamwaga zaidi ya inchi 28 za theluji hapa mjini kabla Novemba haijashika kasi. Miaka mingi haiwi hivyo, lakini asubuhi ya theluji ya kwanza kila mtu hukumbuka matairi kwa wakati mmoja. Foleni ya gereji huwa ya siku kadhaa, na saizi za bei nafuu ndizo huisha mapema. Septemba au mwanzoni mwa Oktoba ndio wakati wa kuchagua na kupunguziwa bei.

Kabla ya kununua, chuchumaa uyatazame uliyo nayo. Chukua sarafu ya senti 25, igeuze kichwa cha Washington kitazame chini, uichomeke kati ya kashata. Ukiona utosi wake, kashata zimebaki chini ya 4/32 za inchi. Sheria katika majimbo mengi inakuruhusu ufike 2/32, ila sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya theluji. Kashata fupi hazina pa kuibania theluji, tairi linateleza juu yake tu. Pima sehemu tatu, ndani, katikati na nje. Upande mmoja ukiwa umelika kuliko mwingine, gari linahitaji kunyooshwa magurudumu, na usipolinyoosha matairi mapya yatalika vivyo hivyo.

Halafu tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3822 ni wiki ya 38 ya mwaka 2022. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani tu, itabidi uingie na tochi. Mpira huzeeka hata gari likikaa bila kutembea. Likipita miaka sita mimi huanza kulitilia shaka, na la miaka kumi halifai tena hata kama kashata zimejaa. Hata dukani lisome. Lililokaa ghalani miaka mitatu si jipya kama muuzaji anavyosema, na hapo una haki ya kuomba punguzo.

Sasa alama, na hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Karibu kila tairi la misimu yote limeandikwa M+S, na wanunuzi huliona neno hilo wakaridhika. Alama hiyo inaeleza umbo na nafasi za kashata tu. Hakuna aliyelipeleka tairi kwenye theluji akalijaribu. Unayoitafuta ni picha ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Tairi lenye picha hiyo limejaribiwa kwenye theluji iliyoshindiliwa, likafikia kiwango cha kulivuta gari. Kule Quebec sheria inamtaka kila mwenye gari afunge matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na lenye picha hii linakubalika. Minnesota haina sheria ya namna hiyo, umeachiwa akili yako mwenyewe.

Usidhani, hata hivyo, kwamba picha hiyo ni hirizi. Jaribio lake halipimi breki wala halifanywi kwenye barafu. Kinacholimaliza tairi la kawaida hapa ni baridi yenyewe: kuanzia nyuzi 45 kwa kipimo cha huku, ambazo ni kama 7 za kwetu, mpira wake unaanza kukakamaa, na ikifika Januari unakuwa mgumu kama ugali wa jana. Matairi halisi ya baridi mpira wake unabaki laini. Ungekuwa na stoo ya kuwekea seti ya pili, na kazi inayokutoa nyumbani saa kumi alfajiri, kabla magari ya kusafisha barabara hayajapita, ningekwambia uyanunue. Lakini unaishi ghorofa ya tatu, huna stoo, na zamu yako ya maghalani Shakopee inaisha barabara kuu imeshamwagiwa chumvi. Seti moja ya misimu yote yenye ile picha, inayokaa mwaka mzima, inakutosha.

Pa kubania ni hapa. Muuzaji atakusifia tairi la dhamana ya maili 80,000. Gari lako likiishi miaka mitatu zaidi tutamshukuru Mungu, na wewe huendeshi maili 80,000 kwa miaka mitatu. Chukua la 50,000 lenye picha, uache la 80,000 lisilo nayo. Jina kubwa nalo si lazima, kampuni nyingi za kati zinatengeneza matairi mazuri. Uliza bei ya mwisho, ikiwa na kufunga, kubalansi, valvu mpya, kutupa ya zamani na kodi, maana tairi la dola 70 kwenye tangazo halibaki dola 70 kaunta. Saizi isome kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, usitegemee lililofungwa sasa, kwani aliyekuuzia huenda alifunga lililopatikana.

Ya mtumba? Rahisi huvunja upishi, ila sikukatazi moja kwa moja. Kagua tarehe, tafuta uvimbe ubavuni, na mwambie fundi akuoneshe ndani kabla hajalifunga. Lenye kiraka karibu na ubavu mrudishie. Tatizo kubwa ni kwamba kupata manne yanayofanana ni bahati, na hapa kufanana ni muhimu. Usifunge mawili yenye kushika theluji mbele ukaacha vipara nyuma. Kwenye kona mkia wa gari utakupita. Hela zikitosha mawili tu ya aina ileile, mapya yaende nyuma.

Marafiki zako wenye magari ya kuvuta magurudumu manne watakucheka. Kuvuta kwa magurudumu manne kunasaidia kuondoka. Kusimama ni habari nyingine, na magari mengi ninayoyaona mtaroni kila Desemba ni ya aina hiyo.

Kisha upepo. Kila joto likishuka nyuzi 10 za huku, tairi hupoteza kama paundi moja ya upepo. Ulilolijaza 32 siku ya nyuzi 70, siku ya nyuzi 10 chini ya sifuri litakuwa na kama 24, na hakuna pancha yoyote. Taa ya kukuonya ililazimishwa kwenye magari mapya ya Marekani kuanzia Septemba 2007, kwa hiyo usiitegemee kwenye la 2006. Nunua kipimo cha dola chache na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, maana mashine za petroli stesheni huganda siku unapozihitaji. Pima asubuhi kabla ya kutembea, ufuate namba ya kibandiko cha mlango. Ile iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi.

Risiti iweke ndani ya gari, dhamana huitaka. Na baada ya maili 50 hivi tangu kufungwa, pita tena gereji wakaze nati. Wengi hawalipishi kwa kazi hiyo.