Kudra na Dhima Katika Kikao cha Mapitio ya Vifo

Mzazi au mtoto mchanga anapofariki katika kituo cha afya nchini Tanzania, watumishi hutakiwa kuketi katika kikao cha mapitio, yaani mjadala wa kitaalamu unaotafuta chanzo cha kifo bila kumnyooshea mtu kidole. Katika Kisiwa cha Mafia, ambako wakazi walio wengi ni Waislamu, mkunga aliyekuwa zamu, mume wa marehemu na mganga mfawidhi anayeongoza kikao huweza kuwa jamaa, majirani au maamuma wa msikiti mmoja pale Kilindoni, na mara nyingi kauli inayotangulia swali lolote ni kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Kauli hiyo humliwaza mfiwa, lakini ikigeuzwa kuwa jibu la kitaalamu hufunga mlango ambao dini yenyewe haikuufunga. Katika mafundisho ya itikadi ya Ashari, yaliyozoeleka miongoni mwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii wa mwambao, kudra haimwondolei mja dhima: Mungu ndiye muumba wa tendo, ila mja hulichuma, na uchumaji huo, uitwao kasbu, ndio msingi wa yeye kuulizwa. Kwa hiyo patografu, ambayo ni chati ya kufuatilia uchungu inayotaka mapigo ya moyo wa mtoto yaandikwe kila nusu saa, ikikutwa haina alama hata moja tangu saa nane usiku hadi alfajiri, pengo hilo si jambo la ghaibu. Huenda mkunga alikuwa peke yake na wazazi watatu, au uamuzi wa kumpeleka mgonjwa bara ulicheleweshwa hadi ikabidi kusubiri boti ya kwenda bandari ya Nyamisati.

Kikwazo kizito zaidi ni hofu ya ghiba, yaani kumsema mtu asipokuwepo kwa jambo asilolipenda. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiharamisha vikali katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, lakini akaruhusu kumtaja mtu inapohitajika kuondoa dhuluma au kuwahadharisha watu na madhara. Ruhusa hiyo hufungwa na lengo lake, kwa hiyo maneno yale yale yanayokuwa nasaha ndani ya kikao huwa ghiba yakifika barazani, na kisiwani habari hufika kijiji cha Utende kabla chai ya kikao haijapoa. Ndiyo maana mfawidhi hana budi kulinda siri ya kikao, kumpa mkunga mwenyewe nafasi ya kueleza, na kuwatanguliza wauguzi wadogo kusema, kwa kuwa mkubwa akishatamka, heshima ya umri huwafunga vinywa. Anayefungua kikao kwa kuuliza nani alikuwa zamu ameshakiharibu; swali lenye tija ni nini kilifanyika, na saa ngapi.

Hata hivyo, usiri huo haumhusu mfiwa. Kikao kinachomalizika bila mume kuelezwa kwa staha kilichompata mkewe kimewahifadhi watumishi tu, na haki ya mume huyo bado ni deni juu yao.