Nani Anachagua Kinachoonekana?

Ukipiga picha ya watu wawili, mmoja karibu na mwingine mbali kidogo, mara nyingi huwezi kuwapata wote wawili safi. Mmoja atatulia, mwingine atakuwa ukungu. Sasa nauliza: ni nani anayeamua yupi aonekane? Na akishaamua, ni nani anayejibu?

Swali hili lilitukuta kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Kakuma. Tuna kamera mbili za filamu tulizoachiwa na mgeni. Moja ni Pentax K1000, ya kufokasi kwa mkono. Nyingine ni ndogo ya plastiki, inafokasi yenyewe. Kuna mtu amejitolea kutununulia ya tatu, akauliza tunataka ya aina gani. Tulibishana wiki mbili nzima. Mimi ndiye ninayesimamia kikundi, kwa hiyo nimeona nipange hoja zetu hapa, maana naamini zinatuhusu sote, hata wewe ambaye hujawahi kushika kamera.

Kwanza, kazi zenyewe. Ile Pentax ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Unachungulia, katikati unaona duara dogo linalometameta, unazungusha lenzi taratibu mpaka mmetameto uishe na sura itulie. Betri yake ni ya kupima mwanga tu. Betri ikifa, kamera bado inapiga, na kwa mahali ambapo betri nzuri ni za kutafuta, hilo si jambo dogo. Ile nyingine haipigi kabisa bila betri. Kamera ya kwanza ya kufokasi yenyewe kuuzwa kwa wingi ilikuwa Konica C35 AF ya Japani, mwaka 1977. Mwaka 1985 Minolta nao walitoa 7000, na tangu hapo hata wapiga picha wakubwa walianza kuiachia mashine kazi ya vidole.

Lakini mashine haijui nani ni muhimu. Inajua umbali tu. Nyingi za zile ndogo zinapima katikati ya picha peke yake. Ukisimamisha marafiki wawili bega kwa bega na kuacha nafasi kati yao, kamera inapita kwenye ile nafasi, inashika ukuta wa mabati ulio nyuma. Mabati yanatoka safi kabisa, unahesabu hata misumari. Marafiki wanakuwa ukungu. Au piga mtu aliye nyuma ya uzio wa waya: mara nyingi kamera inashika waya. Waya unakuwa safi, mtu anapotea. Sisi tunaokaa hapa tunajua picha za namna hiyo, hata zile ambazo hazikupigwa na kamera.

Vijana waliotetea kufokasi kwa mkono walisema hivi: ukizungusha lenzi, umechagua. Huwezi kusema sikuwa najua. Tena kazi hiyo inachukua muda, na katika muda huo mtu anakuona. Anaweza kukunja uso, anaweza kufunika kichwa cha mtoto wake, anaweza kukuambia acha. Kamera ya haraka inamnyima nafasi hiyo. Picha imeshachukuliwa kabla hajageuka. Na filamu ina picha 36 tu, mpaka itumwe mbali kuoshwa ndipo ujue umepata nini. Hakuna kufuta. Kwa hiyo kila picha ni uamuzi.

Hoja nzuri. Lakini upande wa pili nao hawakuwa watoto. Dada mmoja alisema: mnazungumza kana kwamba wote tuna macho sawa. Yeye miwani yake ilivunjika siku nyingi, lile duara linalometameta kwake linametameta muda wote. Mkichagua ya mkono, mmemtoa kwenye kikundi. Mwingine akasema watoto wanaocheza mpira kwenye laga hawasimami kusubiri uzungushe lenzi, na furaha yao nayo inastahili kuonekana. Kama kamera za hapa zitaweza kupiga wazee waliokaa tu, basi dunia itafikiri Kakuma ni mahali pa watu waliokaa tu.

Hapo mimi nilinyamaza nikafikiri sana. Maana ni kweli: mwendo wa polepole haumfanyi mtu kuwa mwema. Mtu anaweza kufokasi kwa mkono, kwa uvumilivu wote, juu ya machozi ya mama wa watu, na bado akawa amemdhulumu. Na mtu anaweza kutumia kamera inayojifokasi kwa heshima kamili. Zile ndogo nyingi zina njia: unamweka mtu wako katikati, unabonyeza nusu na kushikilia, kamera inakariri umbali, halafu unarudisha picha ulivyotaka na kumalizia kubonyeza. Mashine imepima, lakini wewe ndiye umesema ipime nani.

Kwa hiyo naona tofauti kubwa haipo kati ya mkono na mashine. Ipo kati ya mtu anayesema "nimechagua mimi" na mtu anayesema "kamera ndiyo imefanya".

Na neno hilo la pili tunalijua vizuri. Unapanga foleni, unafika dirishani, unaambiwa, "Mfumo umekataa." Nani amekataa? Mfumo. Sisemi mifumo ni mibaya. Tuko wengi, na bila orodha na mashine wanyonge wangesukumwa nje ya foleni. Lakini kila mfumo ulifundishwa na mtu wapi pa kutazama, na mara nyingi ulifundishwa kutazama katikati. Waliosimama pembeni wanatoka ukungu, si kwa sababu kuna mtu anawachukia, ila hakuna aliyebonyeza nusu na kuwageukia. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, siwaombi mtupe mashine. Naomba yule aliye dirishani awe na ruhusa, na ujasiri, wa kusema: ngoja, hii imeshika waya, wacha nimtafute mtu.

Kikundi kiliamua kuomba ya mkono, kwa sababu anayejifunza nayo analazimika kuchagua mara 36 kwa kila filamu, na tabia hiyo ataenda nayo kwenye simu, kwenye kazi, kwenye nyumba yake. Ile inayojifokasi inabaki kwa dada yetu na kwa yeyote anayeihitaji, bila kuomba radhi. Na tumeweka sharti moja kwa kamera zote: kabla hujabonyeza, uweze kumtaja kwa jina yule uliyetaka aonekane, na yeye awe anajua.

Kuna kijana amesema sharti hili litatukosesha picha nyingi nzuri. Ni kweli, litatukosesha. Mimi naona ni bei ya haki. Wewe unaonaje? Andika, toleo lijalo tutaendelea.