Sumu Ilikuwa ya Fisi

"Ile sumu ilikuwa ya fisi," baba mdogo aliniambia. "Hao ndege walijileta wenyewe."

Tulikuwa Dirma, tumekaa nje ya boma lake. Usiku mmoja fisi alimla ndama wake. Asubuhi akatia dawa ya wadudu, hii hii ya shambani, kwenye nyama iliyobaki, akaiacha porini. Fisi hakurudi. Wakafa tumbusi, wamelala kuuzunguka mzoga, mabawa yametandazwa.

Nikwambie ukweli, msomaji, sikuwa na la kumjibu. Hakumkusudia tumbusi. Na sisi tumezoea kusema kwamba nia ndiyo inayohesabika. Sasa, mtu ahukumiwe kwa alichokusudia au kwa kilichotokea?

Tazama ndege hawa wanavyokufa duniani. Kule Marekani kondo wa California, binamu wa mbali wa tumbusi wetu, walibaki 22 tu mwaka 1982. Moja ya sababu kubwa ni risasi za madini ya risasi: mwindaji anamlenga paa, kondo anakula mabaki na kumeza sumu. India walipungua kwa zaidi ya 95 katika kila 100, kwa sababu wafugaji waliwapa ng'ombe diclofenac, dawa ya maumivu. Yaani pale hata huruma iliua. Na hapa Hanang, mashamba makubwa ya ngano yaliyoanza miaka ya 1970 yalichukua malisho ya Wabarabaig, yakala na pori. Mifugo na fisi wakabanana kwenye eneo lililobaki. Hakuna aliyelima ngano ili aue ndege. Mimi niliyekula mkate wake ndiyo kabisa, hata sikufikiria.

Wote hatukukusudia. Lakini tumbusi hutafuta chakula kwa macho, na humwangalia mwenzake: mmoja akishuka, wa mbali wanamfuata. Ndiyo maana mzoga mmoja wenye sumu unaweza kuua makumi. Na jike hutaga yai moja tu kwa msimu. Mwaka 2015 shirika la IUCN liliwaingiza tumbusi kadhaa wa Afrika, akiwemo yule wa mgongo mweupe, kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka.

Nadhani "sikukusudia" ni udhuru wa mtu asiyejua. Mfugaji wa India hakujua. Chanzo kilipojulikana mwaka 2004, udhuru ukaisha, na mwaka 2006 dawa hiyo ikapigwa marufuku kwa mifugo. Baba mdogo naye hakujua mara ya kwanza. Sasa amewaona ndege kwa macho yake. Akirudia, hawezi tena kusema walijileta.

Hapo nilitaka kuishia, nimeridhika na hoja yangu. Akanikatisha.

"Sawa mwanangu. Na ndama wangu je?"

Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho, na jina lenyewe linajieleza: jasho linafutwa, ndama harudi. Nikagundua kwamba kujua kwangu hakunigharimu kitu. Ng'ombe sio wangu, usiku silali nikisikiliza fisi. Ninayempenda tumbusi niko mjini, na anayelipia upendo wangu ni yeye. Hiyo nayo ni namna ya kutokusudia, na mimi sasa najua.

Nikamweleza kuhusu Simanjiro, mkoa wetu huu huu wa Manyara, ambako wafugaji wamejenga maboma hai: miti inapandwa kuzunguka zizi, kisha wavu wa chuma unafungwa kwenye miti. Fisi hapiti, sumu haihitajiki.

"Miti tunayo," akasema. "Wavu bei gani?"

Nikamtajia. Akanyamaza, akanitazama.

Mwisho wa mwezi nilituma nusu ya hela. Msinisifu. Kama nataka tumbusi waendelee kuzunguka juu ya Dirma, siwezi kumwachia mwenye ndama alipe peke yake.